Nishati ya Udongo wa Kalama

Nyuma ya soko la Machakos, pale Mutindi anapouzia kahawa ya tangawizi, kuna benchi la mbao lililopinda katikati kwa uzito wa watu wasio na haraka. Wenyewe ni watatu. Kimanzi anauza dawa za mifugo, basi wanamwita Daktari. Kasyoki anatengeneza simu, jina lake ni Waya. Ndunda ndiye Profesa, kwa sababu anasomea shahada ya pili ya kemia, na amewachosha wenzake kwa hadithi za kompyuta inayochezesha chembe za sumu na za udongo ili ijulikane zinashikana kwa nguvu gani. Asubuhi hiyo Profesa hakuwa na hadithi. Mama yake alikuwa amelazwa, macho yamegeuka manjano, ini limeharibiwa na sumu ya mahindi yenye ukungu aliyoyaosha kwa udongo kabla ya kuyapika. Kahawa mkononi mwake ilikuwa imepoa zamani.

— Mimi nasema ni huo udongo, Daktari alianza. Mama alichota kando ya barabara. Udongo wa barabara umekunywa dizeli, hauwezi kushika sumu ingine.

— Alichota kilimani, penye nilichota wangu wa chuo, Ndunda akasema.

— Basi ni maji. Siku hizi wanaweka dawa kwa maji. Hiyo dawa ilipigana na udongo ndani ya sufuria.

— Wachana na maji, Waya akadakia. Ni kompyuta ya chuo. Mashine ikishikwa na wanafunzi wengi inachoka, inaanza kukuambia kile unataka kusikia. Niko na simu hapa inasema betri imejaa na haiwaki.

Daktari akashusha sauti.

— Ama ni wale wa kampuni za unga. Unafikiria watakubali mtu wa Kalama aoshe mahindi na udongo wa bure? Walituma mtu akaingilia hesabu.

— Kupitia setilaiti, Waya akaongeza.

— Si ndio nasema.

Siku nyingine Ndunda angecheka mpaka amwage kahawa. Leo maneno yao yalimchoma, kwa kuwa yalikuwa ya huruma. Walikuwa wanatafuta yeyote wa kulaumiwa, bora tu asiwe yeye.

— Hakuna mtu aliingilia, akasema. Ni mimi.

— Profesa, usijitese, Daktari akasema.

— Skizeni. Kompyuta ikimaliza kuchezesha zile chembe, inaacha faili ya nishati, yaani nguvu ya kila kitu kushikana na kingine. Ukitaka kuchota, inakuuliza unataka gani, inakupa orodha iko na nambari. Udongo na sumu ilikuwa nambari tisa. Faili zilikuwa mingi, nikachoka. Nikaandika programu ichote yenyewe, ikiulizwa ijibu tisa.

— Hiyo ni akili, Waya akasema.

— Halafu nikaongeza chembe za chumvi, ndio ifanane na maji yetu ya kisima. Ukiongeza kitu, orodha inasonga. Tisa ikawa udongo na maji. Programu haijui. Ikaendelea kujibu tisa.

Daktari alisugua goti lake.

— Kwa hivyo ule mchoro wa udongo na sumu ulituonyesha hapa?

— Ulikuwa udongo ukishika maji. Sumu haukuishika. Jana nimefungua faili kwa mkono, nikaona.

Kilichomuuma zaidi hakikuwa kompyuta. Siku matokeo yalipotoka, furaha ilimpanda kichwani, akampigia mama yake simu akamwambia udongo wa kwao Kalama unashika ile sumu. Hakusema ni kwenye kompyuta tu. Hakusema asubiri. Mama alikuwa na magunia yaliyoota ukungu, mvua nayo imekataa kunyesha; angeyatupa akale nini? Aliyakoroga mahindi na udongo, akayasuuza, akapika muthokoi, chakula cha mahindi yaliyokobolewa, akala akimshukuru Mungu kwa mtoto aliyesoma.

— Sasa skiza, Daktari akasema polepole. Mama hajui mambo ya nambari. Mwambie ni ugonjwa tu.

— Wazee huugua, Waya akasema.

Ndunda hakuwakatalia. Aliona aibu jinsi maneno hayo yalivyompa nafuu.

Hapo ndipo Kanini, dada yake, alipotokea kutoka hospitali, leso mabegani, uso umechoka. Mutindi alimsogezea kiti. Hakuketi.

— Mama amelala? Ndunda akauliza.

— Mwaitu ameamka. Daktari wa wodi anasema tungoje. Hasemi tungoje nini.

— Anaongea?

— Anaongea kitu moja tu. Anasema alifanya vile ulimwambia. Alichota udongo wa kilimani, akatumia maji ya kisima, akasuuza mpaka maji yakawa safi. Anauliza alikosea wapi.

Waya aliinamia viatu vyake. Daktari, ambaye tangu asubuhi alikuwa na jibu la kila kitu, alianza kuhesabu sarafu za kahawa. Mutindi aliacha kusuuza vikombe.

— Ndunda, nimwambie alikosea wapi?

Kanini aliendelea kusimama akimtazama kaka yake, kwa sababu mama alikuwa amemwambia asirudi bila jibu.