Nukta za Ojara

Mwaka 1977, ndani ya basi la Mulago, niliketi nyuma ya mchoraji ramani wa polisi aliyejiita Ojara. Alikuwa akimweleza mama aliyeketi kando yake kazi inayomchosha. "Kila bomu likilipuka natia nukta. Nukta zikikusanyika, tunajua pa kuweka askari."

"Na watu wanaotiwa na askari kwenye buti za magari, afande, unawatilia nukta?"

Sisi wengine tukageukia madirisha.

"Hiyo sikutumwa, mama."

"Mume wangu alichukuliwa sokoni Kikuubo. Mtilie nukta."

Ojara akashusha pumzi. "Nikianza na hao, ramani itajaa." Hata hivyo akatoa penseli. "Anaitwa nani?"

Mama akaitazama ile penseli, akaogopa. Basi liliposimama, alishuka bila kulitaja jina.