Chemba Iliyozibwa Limbe

LIMBANI: Haloo? Nani mwenzangu?

TAMANDANI: Mimi, kaka. Tamandani. Hii simu ya kazini. Hamjambo huko Limbe?

LIMBANI: Hatujambo. Na nyie wachota mavi ya watu, mwaendeleaje?

TAMANDANI: Wenzangu wamerudi na chupa tupu. Eti chemba ya nyuma ya nyumba yako imemwagiwa zege.

LIMBANI: Nimelimwaga mwenyewe. Kila Jumatatu watu wenye glavu wanainama uani kwangu, majirani wanasema nyumba ina ugonjwa. Wapangaji wawili wamehama. Ungekuwa wewe—

TAMANDANI: Ningemuuliza dada yangu kwanza.

LIMBANI: Dada gani anapeleka choo cha kaka yake maabara?

TAMANDANI: Si choo chako, ni bomba la mtaa mzima. Nisikilize—

LIMBANI: (mtandao unakwaruza) ...sikusikii.

TAMANDANI: Nimesema polio! Tumeikuta kwenye majitaka ya mtaa wenu wiki tatu mfululizo. Na hii imejibadilisha, inapita kwa wasiochanjwa. Tunalifuata bomba kurudi juu, chemba moja baada ya nyingine, tujue inatoka upande gani. Imebaki ya kwako.

LIMBANI: Kwangu hakuna mgonjwa.

TAMANDANI: Mtu anaweza kuibeba asiumwe. Ndiyo maana tunapima maji, hatungoji mtoto apooze.

LIMBANI: Mwaka jana mlikuja na kipindupindu, tukachemsha maji mpaka makaa yakatuishia. Leo polio. Kesho je?

TAMANDANI: Kaka, mwanao Yankho alipewa matone ya chanjo?



LIMBANI: Hayo muulize mama yake.

TAMANDANI: Wachanjaji walipita mwezi wa nne. Uliwafungulia geti?

LIMBANI: Usinihoji kama polisi. Nilikuwa na shughuli zangu.

TAMANDANI: Nauliza kitu kimoja tu—

LIMBANI: Na mimi nishajib— we, nipe simu yangu!

ENELESI: Wifi, ni mimi, Enelesi. Sauti ilikuwa juu, nimewasikia.

TAMANDANI: Afadhali wewe. Yankho yuko wapi?

ENELESI: Nimempakata. (anashusha sauti) Hiyo polio, wifi... huanzaje?

TAMANDANI: Kwa nini waniuliza?

ENELESI: Ijumaa alikuwa na homa. Tukampa dawa ya malaria, ikashuka. Sasa tangu jana nikimsimamisha, mguu wa kushoto unalegea. Baba yake anasema anadeka.

(upande wa Tamandani kiti kinasukumwa)

ENELESI: Wifi? Upo?

TAMANDANI: Nipo. Asichuliwe, asichomwe sindano ya mtaani. Mpelekeni hospitali kubwa sasa hivi, nitawakuta getini.

ENELESI: Sasa hivi?

TAMANDANI: Usimuogeshe, usipike. Ondokeni tu.

LIMBANI: (anachukua simu) Tamandani.

TAMANDANI: Naam, kaka.

LIMBANI: Si anadeka tu?

TAMANDANI: Mbebe wewe. Mama yake amechoka.

LIMBANI: Mguu utarudi?

TAMANDANI: Njooni kwanza.

LIMBANI: Nimekuuliza, utarudi?

TAMANDANI: Kaka, salio lina—