Mayai Tisa ya Shaibu

MAMA MBEGU: Haloo? Haloo, wifi?

WIFI: Nani mwenzangu? Namba siijui.

MAMA MBEGU: Mimi wifi yako, nani mwingine! Simu yangu imeisha chaji, hii ni ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Salio lake kiduchu, kwa hiyo sikiliza—

WIFI: Shikamoo, wifi. Nyonga inaendeleaje?

MAMA MBEGU: Marahaba, marahaba. Imefungwa vyuma, ndiyo kwanza wiki ya tatu. Sikupiga niulizwe nyonga. Kuku wangu wazima?

WIFI: Waliopo wapo.

MAMA MBEGU: Jibu gani hilo? Shaibu anakula? Umloweshee mtama, mdomo wake umeshachoka—

WIFI: Shaibu hali tena.

MAMA MBEGU: Yesu! Anaumwa? Kinyesi chake rangi gani?

WIFI: Haumwi. Ameliwa.

(Mtandao unakwaruza.)

MAMA MBEGU: Rudia.

WIFI: Nimemchinja, nimempika, ameliwa. Si uliniachia daftari pale kwenye msumari wa banda? Ukasema, "Wewe usijitie kufikiri, wifi, fuata yaliyoandikwa." Nimefuata. "Jogoo akimaliza mwaka wa nne, kisu." Pete ya mguuni ilionyesha yuko wa tano.

MAMA MBEGU: Shaibu hakuwa katika hayo! Kila mtu anajua Shaibu ni—

WIFI: Hapakuandikwa "isipokuwa Shaibu." Nilipekua hadi jalada.

MAMA MBEGU: Miaka kumi na mbili! Kuku wa marehemu mama walishachanganyika na kuku wa kila jirani, imebaki shingo ndefu tu. Nimechagua, nimetenga, nimechinja mamia, ndipo nikampata kuku wa kuchi mweusi wa kweli, kama wale wa mama, mmoja! Na wewe una... (anapumua) Haya. Haya. Yupo mwanawe, yule wa tundu la pili.

WIFI: Mwenye kidole kilichopinda?

MAMA MBEGU: Wifi, usiniambie—

WIFI: Ukurasa wa tatu. "Kidole kikipinda, kisu, hata awe mzuri vipi." Na mstari umeupiga mara mbili.

MAMA MBEGU: Alibanwa na mlango akiwa kifaranga! Si kidole cha kuzaliwa nacho!

WIFI: Ningejuaje? Mimi si ndiye "asiyejua kulea hata kifaranga"? Ulinitangaza hivyo mbele ya watu, nikiwa nimeshika sinia.

MAMA MBEGU: Nani kala? Nataka nimjue aliyekula jogoo wangu!

WIFI: Wageni wako.

MAMA MBEGU: Wageni gani, mimi niko kitandani—

WIFI: Wale uliowaita kabla hujaanguka. Wazazi wa binti uliyemtafutia kaka yako. Walikuja Jumapili kupanga siku ya harusi. Mume wangu akaniambia, "Pika kitu cha heshima." Haya niambie, mwanamke anayewapikia wakwe wapya wa mumewe apike nini? Nikaona jogoo wawili watatosha.

MAMA MBEGU: Wote wawili!

WIFI: Baba mtu alisifia paja. Alisema gumu, ila lina utamu.

MAMA MBEGU: Una roho ya kutu wewe! Ndiyo maana Mungu akakunyima!

WIFI: Endelea. Salio si lako.

MAMA MBEGU: Tumbo kavu, roho kavu! Huko ndani yako kumeota miiba, hakuna mtoto angeweza— (anakatiza) Ngoja. Ngoja kwanza. Umesema Jumapili? Leo si Jumatano?

WIFI: Jumatano.

MAMA MBEGU: Tetea wangu weusi je? Watano wote wapo?

WIFI: Wapo. Hawakupatikana na kosa.

MAMA MBEGU: Ooh! Mungu mkubwa! Sikiliza, wifi yangu, kipenzi changu. Tetea akishapandwa, mbegu ya jogoo hukaa ndani yake hata wiki mbili. Jogoo hayupo lakini mayai yana vifaranga! Waliyotaga tangu Jumapili yako wapi?

WIFI: Hapa jikoni, kwenye bakuli. Tisa.

MAMA MBEGU: Tisa! Usiyaoshe, usiyatikise! Yule tetea wa kijivu anaatamia, muwekee chini sasa hivi. Siku ishirini na moja tu, Shaibu karudi!

WIFI: Kumbe.

MAMA MBEGU: Ndiyo!

WIFI: Kumbe mbegu inaweza kukaa tumboni, nje kusionekane kitu. Na wewe unalijua hilo. Miaka yote saba ya ndoa yangu.

MAMA MBEGU: Aah, ya binadamu ni mengine, wifi—

WIFI: Mpigie kaka yako. Mwambie ile harusi huitaki. Hajawahi kukupinga tangu azaliwe.

MAMA MBEGU: Nitamwambia.

WIFI: Unasemaje?

MAMA MBEGU: Nitamwambia leo leo! Nitasema binti hafai, nimesikia habari zake mbaya. Wewe weka mayai, jikoni humo kuna joto—

WIFI: Haraka hivyo?

MAMA MBEGU: Si ndivyo unavyotaka?

WIFI: Mwaka jana nilikupigia magoti. Nikakuomba mwaka mmoja tu, niende kwa daktari, na kaka yako naye akapimwe. Ulikuwa unapukuchua mahindi ya kuku. Hukuinua hata macho.

MAMA MBEGU: Nilikosa. Nisamehe. Basi muwekee—

WIFI: Mimi nilidhani ni jambo kubwa lile. Nilidhani unaumia kwa ajili ya ukoo wenu, nikawa hata nakuhurumia. Kumbe bei yake mayai tisa.

(Kitu kinagongwa kwenye ukingo wa kikaango. Mafuta yanachachatika.)

MAMA MBEGU: Nini hiyo? Wifi? Nini hiyo?

WIFI: La kwanza.

MAMA MBEGU: Usifanye! Nimekubali! Harusi haipo, naapa kwa kaburi la mama—

WIFI: La pili. Mwache aoe. Mimi simtaki tena, wala yeye wala nyinyi. Begi langu liko mlangoni.

MAMA MBEGU: Bakisha hata manne! Hata mawili! (kwa mgonjwa mwenye simu) Dada, subiri, namalizia, usininyang'anye— (kwenye simu) wifi, nakulilia!

WIFI: Nakusikia. La tatu. Kiini kizuri, umewalisha vyema. Basi linaondoka saa nane na safari ni ndefu. Tangu Jumapili sijatia kitu mdomoni.

MAMA MBEGU: Wifi, nitakupa nyumba ya—

(Tuu. Tuu. Tuu.)

MAMA MBEGU: Haloo? Haloo! Dada, salio limekwisha. Niongezee salio, dada yangu, la dakika moja tu. Kuna watoto wanakufa huko.