Wakili Aliyenyolewa Kwenye Matope

Wasikilizaji wapendwa, nawasalimu nyote, mlioko jikoni, mlioko dukani, na wewe uliyelala hujisikii vizuri, pole. Sogeza redio karibu. Leo tunamkumbuka wakili. Ndiyo, wakili. Tumemzika juzi. Moyo ulimsimama akiwa ofisini kwake, ghorofani, juu ya duka la dawa. Wafanyabiashara walimwita Mama Fungua. Ngojeni niwaambie kwa nini.

Alikuwa mtoto wa fundi seremala. Dada yake anasema: "Utotoni tukigombania kitu, sisi tunakimbilia kwa mama. Yeye anauliza, 'Nani alikuwa amekishika?' Basi. Aliyekishika anabaki nacho. Tulimchukia, jamani, maana alikuwa hakosei!"

Sasa sikilizeni. Mwaka ule wa mafuriko, mto ulivunja kingo ukaingia kwenye jengo la maduka, lile la chini ya daraja. Hakufa mtu, Mungu alitusitiri. Lakini vitambaa, viatu, cherehani, mafriji, vyote vilikuwa uji wa matope.

Maji yalipopungua, akaja msimamizi wa mwenye jengo. Mtu mpole. Amebeba hata maji ya kunywa. Akasema: "Poleni, mama zangu. Poleni, wazee. Nendeni nyumbani mkapumzike. Tutasafisha, tutawaita." Watu wakamshukuru. Wengine walimwombea dua palepale.

Wasikilizaji wapendwa, mtego ulikuwa hapo. Mkataba wao wa pango ulisema: mpangaji akifunga biashara wiki nzima, kwa sababu yoyote ile, chumba kinarudi kwa mwenye jengo. Narudia. Kwa sababu yoyote ile. Hata mafuriko.

Wakili, ambaye wapangaji wale walikuwa wateja wake na mkataba ule aliujua, akaja anavuka matope, viatu mkononi. Akasimama katikati ya ukumbi akapaza sauti: "Fungueni! Hakuna kwenda nyumbani! Kila mtu akae chumbani kwake, afanye kazi yake, hata kidogo!"

Kinyozi wa mlango wa kwanza akacheka kwa uchungu. "Nifungue niuze nini, wakili? Matope kwa kilo?"

"Wewe unanyoa. Nyoa."

"Mashine zimekunywa maji, zimekufa."

"Mkasi je?"

"Mkasi upo. Mteja yuko wapi? Nani mwenye akili zake atakuja kunyolewa kwenye bwawa hili?"

Wakili akaingia ndani. Akafuta kile kiti kwa mtandio wake, akaketi. Wasikilizaji, mama yule alikuwa na nywele! Nywele alizozifuga tangu usichana, zimesukwa, zinashuka mgongoni.

"Nyoa," akasema. "Zote. Na unitoze kama mtu yeyote."

Kinyozi anakumbuka mpaka leo. "Nilimwambia, mama, mumeo ataniua. Akanijibu, 'Akikugusa, nitamshtaki.'"

Watu wakajaa mlangoni. Walioanza kuondoka wakarudi. Misuko ilianguka mmoja mmoja juu ya matope, na mkasi ndio uliosikika peke yake. Kinyozi alipomaliza, akapokea pesa yake. Ndipo mshonaji akageuka, akaenda kwake kutafuta sindano. Muuza viatu akaanza kuosha ndara. Wakafungua siku ile. Wakafungua kesho yake. Walifungua kila siku.

Mumewe anasema: "Alipoingia nyumbani nilishtuka. Nikauliza, nani kakufanyia hivi? Akasema, 'Mteja wangu. Niwekee chai.'"

Lakini linalonisisimua zaidi ni hili. Mwenye jengo alikwenda mahakamani kudai kwamba maduka yalifungwa. Sasa, wakili hawezi kusimamia kesi ambayo yeye mwenyewe ni shahidi wake. Sheria ndiyo hiyo, naye aliijua. Alipokaa kwenye kile kiti, alijua kwamba kesi kubwa kuliko zote maishani mwake inamponyoka. Akakaa. Kesi akampa mwenzake wa ofisini. Yeye akapanda kizimbani kama mteja. Mteja wa kinyozi.

Wakili wa mwenye jengo akamkejeli: "Kwa hiyo wewe, msomi mzima, ulikwenda kunyolewa matopeni?"

Akajibu: "Ndiyo. Nikamkuta yuko kazini."

Wakili yule akakunja makaratasi yake, akaketi.

Walishinda. Vyumba vyote vilibaki kwa wapangaji. Kinyozi sasa anamfundisha kazi binti yake, mlango uleule. Akili ya namna ile, na moyo ule, ndani ya mtu mmoja! Mimi nikiwaza, naishiwa maneno.

Kwa mumewe, kwa wanawe, kwa dada yake na wenzake wa ofisini: poleni sana. Msiba ni wenu, na ni wetu pia. Mungu amlaze mahali pema.

Nanyi mniwie radhi, mimi ni mama, roho yangu haitulii. Binti yangu amekodi kibanda cha vipodozi. Nimemuuliza: likitokea janga ukafunga, mkataba unasemaje? Akanicheka. "Mama, mbona unaita mvua?" Siiti mvua, wanangu. Mvua haingoji kuitwa. Na akija mtu mpole siku hiyo kukwambia ukapumzike, mshukuru, lakini usiondoke kabla hujapata wa kukusomea mkataba.

Wewe unayenisikiliza, umekodi mahali. Mkataba wako unasemaje? Kama hujui, zima redio ukaulize. Sitakasirika.