Shangazi na Magari Yaliyobadilika Juni

Tarehe 30 Juni, saa kumi kamili za jioni, Mtunza Stoo Mkuu wetu atafunga dirisha la stoo ya vipuri kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake kamili limo katika barua ya ajira. Kwingineko kote yeye ni Shangazi, hata kwa mlinzi wa getini, anayemzidi umri kwa miaka sita.

Alianza kwa kubandika namba kwenye makopo ya skrubu, enzi karakana hii ilipokuwa ikinuka petroli. Magari ya umeme yalipoingia, mafundi wengi walihofia kupigwa shoti. Shangazi alihofia jambo jingine: kwamba magari mawili yanayofanana kama shilingi kwa ya pili huenda yasiwe na undugu wowote chini ya boneti.

Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Watengenezaji wa magari haya wana mambo bila mbiu. Hubadilisha kifaa katikati ya mwaka, wakaacha jina, rangi na kitabu cha maelekezo vilevile. Mteja wetu mmoja, mfamasia, alilijua hilo kwa kishindo. Gari la mkewe, la mwezi Machi, lilikuwa na vile vidude vya nyuma vinavyolia linapokaribia kitu. Lake, la Agosti mwaka uleule, halikuwa navyo. Alirudi nyuma kwa utulivu mkubwa, akisubiri mlio, mpaka geti letu likampokea. Mlinzi alipomuuliza kulikoni, alijibu kwamba gari halijamwambia kitu.

Hapo ndipo Shangazi alipoweka utaratibu wake. Hakuna kipuri kinachotoka dirishani mpaka fundi ataje siku ya kuzaliwa ya gari, yaani tarehe lilipotoka kiwandani, aliyoisoma kwa macho yake kwenye kibati cha mlango wa gari. Mwaka peke yake hautoshi. Fundi mkuu, ambaye ni shemeji yake, aliwahi kurudishwa uani mara tatu asubuhi moja kwa ajili ya balbu. Alipolalamika kwamba hata alipomposa dada wa Shangazi hakudaiwa ushahidi kiasi hicho, Shangazi alimjibu kwamba hilo ndilo lilikuwa kosa la familia.

Umakini huo nusura umponze. Gari la mkunga mmoja, lililozaliwa katikati ya Juni, liliharibika pampu ya kupozea betri. Orodha ya kiwanda ilitambua pampu moja tu kwa mwaka huo, yenye bolti nne. Gari lilikuwa na matundu matatu. Shangazi aliagiza pampu ya bolti tatu. Ikaja ya bolti nne. Akaagiza tena, akaeleza kwa barua. Ikaja ya bolti nne, safari hii imefungwa vizuri zaidi. Wakati huo mkunga alikuwa akiwafuata wajawazito kwa baiskeli ya kuazima, na watoto, kama ijulikanavyo, hawasubiri vipuri. Meneja, aliyeiamini orodha kuliko matundu, alimwandikia Shangazi onyo: akikosea mara ya tatu, atahamishiwa mapokezi. Kwa wasiomfahamu, ifahamike kwamba mapokezi mtu hutakiwa kutabasamu kutwa nzima.

Shangazi aliisoma barua mara mbili, kisha akaomba miche miwili ya sabuni.

Aliilainisha kwa maji ya moto. Mmoja akaukandamiza pale pampu inapokaa katika gari la mkunga, na wa pili katika gari la dada yake mkunga, la Februari mwaka uleule. Akaiacha ikauke, akaandika juu ya kila mche siku ya kuzaliwa ya gari lake, akaituma kiwandani pamoja na barua ya neno moja: "Hesabuni."

Siku ya kumi ikafika pampu ya bolti tatu, na barua ya mhandisi aliyekiri kwamba bolti moja iliondolewa Juni, kama "uboreshaji mdogo usiohitaji tangazo." Aliomba pia kwamba safari nyingine itumwe sabuni isiyo na manukato, kwani chumba chao cha vipimo kinanukia waridi na wenzake hawampi nafasi ya kupumua.

Mkunga aliondoka na gari lake siku hiyohiyo. Meneja alikuja dirishani kuomba radhi, akasamehewa kwa sharti la kukaa hapo dirishani wiki nzima. Kufikia Jumanne saa nne alikuwa ametoa vipuri viwili visivyo sahihi, kimoja kwa gari lake mwenyewe. Alhamisi aliichana barua ya onyo bila kuombwa.

Hiyo ni miaka sita sasa. Tangu hapo kiwanda hututumia kila mwezi ukurasa wa mabadiliko, ulioandikwa juu yake "Kwa Shangazi." Naye anaondoka stoo kwa tarehe aliyoichagua mwenyewe, wala si kwa kalamu ya mtu. Wiki sita zilizopita alikipelekea kiwanda tangazo, ambalo nakala yake imebandikwa ubaoni: "Kuanzia tarehe 1 Julai stoo hii itakuwa na mtunza stoo mwingine. Umbo limebadilika. Msijaribu kumbabaisha, maswali ni yaleyale."

Shangazi, tunakushukuru kwa kila fundi uliyemrudisha uani. Nenda ukapumzike, wajukuu wakuchoshe kwa mapenzi, na pasiwepo wa kubadilisha chochote katika afya yako bila kukupa taarifa ya maandishi.