Gitaa Moja la Papa Kiala

Wasikilizaji wapendwa, kama umeshika mwiko, uweke chini. Ninachowaletea leo, ukisimuliwa na jirani utamwambia aache uongo. Kimetokea hapa hapa mtaani kwetu Bandal, mchana kweupe, watu wanaona kwa macho yao. Gitaa moja, wenyewe wawili. Na mtu pekee aliyejua ukweli alikuwa amelala ndani ya jeneza, haulizwi tena kitu.

Leo tunamkumbuka Papa Kiala Mavambu, fundi wa magitaa ya umeme ya zamani. Narudia kwa uliyechelewa kufungua redio: Papa Kiala Mavambu, fundi wa magitaa. Na siyo magitaa ya mastaa, hapana. Yale mekundu ya bei rahisi yaliyoletwa na meli kutoka Japani enzi za baba zetu, yakapita mkono hadi mkono, baa hadi baa, mpaka rangi ikabanduka.

Papa Kiala alizaliwa Luozi, ng'ambo ya mto. Alikuja mjini kijana, akaanza na redio. Gitaa la kwanza aliletewa na mtu aliyeona lina waya akadhani ufundi ni ule ule. Papa Kiala akalifungua, akaona sumaku mbili, waya mwembamba kama nywele, skrubu kadhaa, basi. Akacheka peke yake. Toka siku hiyo redio za watu zikaanza kujaa vumbi.

Binti yake anaitwa Nsona. Nsona ana saluni ya kusuka, na kibanda cha baba yake kiliegemea ukuta wa saluni. Kwa hiyo alisikia kila kitu. Anasema: "Wateja wa kawaida walienda kwa mafundi wengine. Kwa Papa walikuja wale walioshindikana."

Na kweli walishindikana, jamani! Kuna mmoja alirudisha gitaa akidai linamsengenya. Papa Kiala akalichukua, akaliweka sikioni, akatulia kabisa. Halafu akasema, "Kweli bwana. Linasema unalipiga ukiwa umelewa." Mteja akaondoka nalo, na hakulalamika tena.

Lakini wasikilizaji, wateja wagumu kuliko wote walikuwa wawili. Washike vizuri, kwa sababu kisa chote ni wao.

Wa kwanza ni Mzee Bokungu, mpiga gitaa wa orkesta ya baa ya pale kona. Kila Ijumaa na Jumamosi yuko jukwaani, kofia imelala upande. Gitaa lake jekundu, kifuniko cha mbele cheusi, kimeungua kwa sigara.

Wa pili ni Mama Luzolo, kiongozi wa kwaya ya kanisa linalotazamana na baa hiyo hiyo. Gitaa la kanisa nalo jekundu, la kiwanda kile kile, ila kifuniko chake cheupe. Mama Luzolo mwenyewe alichora msalaba juu yake kwa rangi ya kucha.

Hawa wawili, usiwaweke meza moja. Mama Luzolo akihubiri, spika zinaelekezwa baa. Mzee Bokungu akipiga, spika zinaelekezwa kanisani. Siku moja Nsona alimsikia mzee anamwambia baba yake, "Kiala, siku gitaa langu likigusa kuta za kanisa la yule mama, lichome moto." Na Mama Luzolo, jioni ile ile: "Papa Kiala, usiyaweke karibu karibu. Pepo wanahama."

Papa Kiala aliwajibu wote wawili neno moja. "Sawa."

Sasa kulikuwa na kitu kilichomchanganya Nsona miaka mingi. Baba yake alikuwa na sharti. Magitaa ya hawa wawili lazima yarudi kwake kila wiki. Mzee Bokungu anachukua lake Ijumaa, analileta Jumapili alfajiri akitoka baa. Kanisa wanafuata la kwao saa nne asubuhi, ibada ikiisha wanarudisha. Nsona akimuuliza kwa nini, anajibiwa: "Mwanangu, haya ni wagonjwa wa sukari. Lazima yaje kupimwa." Nsona akacheka, akaendelea kusuka.

Halafu ikafika Jumapili ile. Nsona alimpelekea baba yake chai na chikwanga, ule mkate wetu wa muhogo. Akamkuta amekaa kwenye kiti, bisibisi mkononi, gitaa la kanisa mapajani, kifuniko cheupe kimeshafungwa vizuri. Alimwita. Akamwita tena. Papa Kiala alikuwa amekwenda zake.

Pole sana, Nsona.

Siku ya mazishi barabara ilifungwa, turubai likatandazwa, viti vya plastiki vikapangwa. Mnajua msiba wa mtu wa muziki. Orkesta walikuja kumsindikiza, kwaya nayo ikaja kumsindikiza. Wakakaa pande mbili na jeneza katikati, wanatazamana kama timu za mpira.

Mama Luzolo akamwendea Nsona, akamshika bega. "Binti yangu, tupe gitaa letu tumwimbie baba." Nsona akaleta lile lenye kifuniko cheupe, akampa Plamedi, kijana anayepigia kwaya.

Mzee Bokungu naye akaja. "Na langu, mwanangu."

Nsona akaingia kibandani. Akatafuta juu, chini, nyuma ya mabati. Akakuta kifuniko cheusi chenye alama ya sigara, kimekaa peke yake mezani. Kifuniko tu! Gitaa lenyewe halipo. Akasimama hapo anakigeuzageuza, haelewi.

Nje, Plamedi akaunganisha waya, akapiga wimbo wa maombolezo.

Jamani! Wimbo ulikuwa wa maombolezo, lakini gitaa lilitoa sauti ya dansi. Sauti ile inayong'aa kama vijiko vinagongana, ile inayoinua watu kwenye viti bila ruhusa yao. Mama mmoja mnene mbele alianza kutikisa bega, akajikamata. Plamedi akaangalia vidole vyake kama vya mtu mwingine.

Mzee Bokungu akasimama. Kofia ikaanguka, hakuiokota.

"Hilo ni langu."

"Mzee, keti," akasema Mama Luzolo. "Tuko msibani."

"Msiba ndio huu! Angalia uzi wa nne. Kuna mtu kanisani anafunga uzi mwembamba pale pa uzi mnene? Huo ni ufungaji wetu sisi wa orkesta. Nimeufunga hivyo toka sijaota ndevu!"

Plamedi akaangalia. Kweli, uzi wa nne ulikuwa mwembamba. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, Jumapili zote huwa mnene."

"Wewe nyamaza! Huu msalaba nimeuchora kwa mkono wangu. Au na rangi ya kucha ni ya baa?"

Nyuma vijana wa mtaa wakaanza kunong'ona. Halafu siyo kunong'ona tena. Neno mwizi likatoka. Kiala mwizi. Kiala aliuza gitaa la mzee.

Hapo akainuka mjomba wa ukoo, Mavinga, aliyetoka Luozi na gari la usiku. Na wenzetu wa kule, mjomba akisema, amesema. "Jeneza haliondoki," akasema. "Siwezi kumpeleka mpwa wangu kaburini na jina hilo. Nsona, baba yako aliiba au hakuiba?"

Wasikilizaji wapendwa, fikiria uko kwenye viatu vya Nsona. Baba kwenye jeneza, watu wote macho kwako, na wewe hujui. Anasema: "Kichwa kilikuwa tupu. Nilijua tu kwamba bado nimeshika kile kifuniko cheusi."

Akamnyang'anya Plamedi gitaa. Akaomba bisibisi. Akalilaza kwenye kiti cha plastiki, akafungua skrubu za kifuniko cheupe, moja baada ya nyingine, mbele ya watu wote.

Chini ya kifuniko, kwenye mbao, kulikuwa na jina limechomwa kwa chuma cha moto: BOKUNGU. Mzee akapiga kelele, "Si mnaona!"

"Subiri, Papa," akasema Nsona. Akageuza sumaku. Nyuma yake kulikuwa na karatasi ndogo imegandishwa, imeandikwa kwa mkono wa Mama Luzolo mwenyewe, sala ya kufukuza pepo. Na shingo? Shingo ilikuwa ya kanisa pia. Ile ya Mzee Bokungu, Nsona alishaiona kule kibandani alipokuwa anatafuta, imeliwa na mchwa, imetundikwa ukutani. Pembeni yake sumaku zake mbili na mbao ya gitaa la kanisa, vyote vimepasuka.

Ndipo akaelewa. Magitaa mawili yalikufa. Baba yake akatengeneza moja lililo hai. Ijumaa na Jumamosi analivalisha kifuniko cheusi na uzi mwembamba, linakwenda baa. Jumapili analivalisha kifuniko cheupe na uzi mnene, linakwenda kanisani. Jumapili ile alikuwa amebadilisha kifuniko. Uzi hakuuwahi.

Nsona akawaeleza hivyo hivyo nilivyowaeleza. Mimi ningedhani watalia. Wapi!

"Kwa hiyo kwaya yangu imemsifu Mungu kwa mbao ya baa?" Mama Luzolo anajifuta mikono kwenye kitenge.

"Na mimi nimechezesha watu kwa sala yako?" Mzee Bokungu anaangalia vidole vyake. "Ndiyo maana Jumamosi walevi walikuwa wananilipia soda!"

Mjomba Mavinga akaangalia mbao, akaangalia sumaku, akakuna shavu. "Hakuiba," akasema. "Alichanganya. Nyanyueni jeneza."

Wakanyanyua. Lakini sikiliza hili linaloniuma. Orkesta walikataa kugusa lile gitaa, kwaya nao wakakataa. Papa Kiala, aliyefufua magitaa ya mji mzima, alikwenda kaburini bila uzi hata mmoja kulia. Gitaa lilibaki pale kwenye kiti, tumbo wazi, kuku anapita chini yake.

Mnadhani imeishia hapo? Mimi pia nilidhani.

Ijumaa iliyofuata Nsona alikuwa anasuka mteja. Mzee Bokungu akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Langu liko tayari?"

"Lipi, Papa? Si uliona mwenyewe?"

"Sikuona kitu. Macho yangu ni ya kizee." Akasogea, akapunguza sauti. "Nsona, jukwaani wanasubiri wanibadilishe na mtoto wa juzi. Lifunge kile kifuniko cheusi, uniambie ni langu peke yangu. Hilo tu. Sema ni langu, mwanangu."

Kesho yake, Mama Luzolo. Alipitia mlango wa nyuma.

"Jumapili mbili tumeimba na makofi tu. Watoto wanatoroka kwenda kanisa lenye vyombo. Niapie kwamba lile jekundu ni la kanisa, halijawahi kutoka kanisani. Uniapie, nami sitauliza tena."

Nsona aliendelea kusuka. Aliniambia jana, ameshika bisibisi ya baba yake: "Papa alidanganya watu wasiojua. Hawa wanajua, na wanataka nidanganye. Sasa huo ni uongo au ni ufundi? Mimi sielewi." Gitaa liko mezani, vifuniko viwili pembeni, uzi mnene na uzi mwembamba. Leo ni Ijumaa tena. Mzee Bokungu amesema atapita jioni.

Kwa Nsona, kwa mjomba Mavinga na ukoo wote wa Luozi, tunasema poleni sana, Mungu awashike mkono. Papa Kiala apumzike. Na wewe unayenisikiliza, kaa na jambo hili kidogo kabla hujanyoosha mkono kuzima redio. Mzee yuko mlangoni, kofia mkononi, anakuangalia machoni. Anataka neno moja tu.

Ungekuwa Nsona, ungelisema?