Jina Nililolifuta Kwenye Stensili

Sogeeni, Audax, nawe Generoza, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Jambo la mwisho la kawaida alilofanya mama yenu lilikuwa kuchagua maharage, akaniambia, "Mwalimu, sogea, unanizibia mwanga." Jioni akaanguka, na wiki hiyohiyo tukamzika.

Shamba la Bugarama ni lenu wawili. Ligawaneni, msipelekane mahakamani. Zito ni hili: Audax, umemkataza Xavery kusema habari za mama yenu siku ya kumaliza matanga. Mwache aseme. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwaka sabini na nne, tulipoamriwa kuhamia kijiji kipya, wanawake wa Mugoma waliketi migombani wakakataa kuondoka kabla ya kuvuna, na aliyewaongoza ni Adelfina, mama yenu. Mimi nilikuwa mhariri wa jarida letu la kijiji, Xavery mwandishi wangu. Desturi yetu ilikuwa kumsomea msemaji maneno yake kabla hatujayachapa. Basi Xavery akakaa naye mchana wa siku mbili, akimsomea daftari aliloandikia maneno yake, naye akimsahihisha, wakicheka kwa Kihangaza. Katika daftari lile nilikuta maneno ambayo mke wangu hakuwahi kuniambia mimi, niliyesoma hadi chuo kikuu. Nikachukua stensili, ile karatasi ya kuchapia, nikafuta jina lake nikaandika: "Wazee wa Mugoma wanaomba muda." Muda ukatolewa, wazee wakashukuriwa.

Watu wakasema nimemkinga mke wangu asikamatwe. Naye mwenyewe alinishukuru, nami nikapokea. Sikumkinga. Sikutaka asomwe kwa mwandiko wa mwanamume mwingine.

Xavery alipokwenda vita vya Uganda niliomba asirudi, Mungu anisamehe. Akarudi, na mama yenu akampelekea ndizi mbivu kabla hajavua buti. Hakuna lililotokea kati yao. Nalijua hilo, na kulijua hakukunisaidia.

Daftari analo. Alisome lote mbele ya watu, nanyi mseme ni mimi niliyelifuta jina la mama yenu. Ila nikiwa hai msimlete hapa. Bado siwezi kumtazama.

Nipeni maji kidogo... Mungu awape watoto watakaowaambia ninyi kwanza yaliyo moyoni mwao. Kaeni kwa kusikilizana. Nimewabariki, wote wawili.

Mliniuliza nilikwenda wapi asubuhi ile, baada ya mazishi. Nilikwenda kwa Xavery, kumwambia kwamba sikumkinga mama yenu. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Ulimkinga mama." Nikaitikia marahaba... nikaomba kiberiti... nikarudi.